Nakaale na Cheche za Mashine ya Kakuma

Sauti ya Nakaale ilikuwa ikifika kabla yake. Ungeweza kuwa umeketi ndani ya chumba cha eksirei, mlango mzito umefungwa, na bado ungemsikia kule langoni akibishana na mlinzi, akimtania mpishi, akimwuliza mama anayetuuzia maziwa ya ngamia kama leo kibuyu kimefukizwa vizuri au amekuja na maji ya mto. Alikuwa mwanamke mrefu, shanga zake akizivaa chini ya koti la bluu la ufundi, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyekulia mahali ambapo jirani yuko mbali na ni lazima asikie.

Mimi ni Mugure. Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, na nilihamia Kakuma kutoka Murang'a mwaka 2012, nikiwa sijawahi kuona ardhi isiyo na kilima hata kimoja cha chai. Nakaale ndiye fundi aliyekuwa akitumwa kwetu kutoka Lodwar kila kifaa cha hospitali kilipogoma. Alihudumia vituo vingi, kuanzia ziwani hadi mpakani mwa Uganda, na usafiri wake ulikuwa chochote kilichokuwa kikienda huko. Nimemwona akishuka kutoka kwenye lori la mahindi ya msaada, mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, na salamu yake ya kwanza, kwa Kiturkana, ikawa, "Ejok! Mgonjwa wangu ako wapi?" Mgonjwa wake siku ile alikuwa friji ya chanjo.

Alizaliwa Lowarengak, kando ya ziwa. Baba yake alivua samaki na mama yake alichunga mbuzi. Nakaale alipokuwa darasa la sita, mama yake alishikwa na kikohozi kisichokwisha, wakampeleka mbali sana kutafuta picha ya kifua. Walipofika waliambiwa mashine imeharibika, na fundi yuko Nairobi. Wakangoja chini ya ukuta wa hospitali, wakipika hapo hapo, mpaka wakachoka na kurudi nyumbani. Mama alikuja kupata dawa baadaye na akapona, lakini pafu moja lilikuwa limekwisha kazi. Tangu hapo hakuweza kubeba maji wala kufuata mbuzi.

"Kila mtu nyumbani alikasirikia ugonjwa," Nakaale aliniambia siku moja tukinywa chai. "Mimi nilikasirikia mashine. Nilijiuliza, hiki chuma kina nini hata kimshinde kila mtu hapa?"

Hasira hiyo ndiyo iliyomfikisha chuoni Nairobi kusomea mitambo ya hospitali, msichana pekee katika darasa lao. Alipomaliza, wenzake walitafuta kazi mjini. Yeye alirudi Turkana, na hakuwahi kunieleza kana kwamba alikuwa amejinyima kitu. Alisema Nairobi kuna baridi na watu wanaongea kwa kunong'ona.

Kituo chetu cha afya kilikuwa kidogo, cha shirika dogo la kanisa, nje kidogo ya mji. Tulihudumia wenyeji na wakimbizi pia. Mashine yetu ya eksirei ilikuwa zawadi ya wafadhili, lakini jenereta kubwa ilipokufa mashine ilikaa karibu mwaka mzima bila kuguswa, imefunikwa shuka. Wagonjwa wa kifua tuliwapeleka Lodwar kwa gari, njia mbovu yenye vumbi na msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi. Mwanzoni mwa 2013 tukapata jenereta mpya. Nikafunua shuka kwa furaha, nikaiwasha mashine, nikaipandisha mpaka nguvu ya kupigia kifua, nikabonyeza. Ikalia pa! kama mtu aliyevunja kuni kavu, na taa zote zikazimika.

Nilijaribu tena. Pa! Giza. Nikairudishia shuka lake na kumpigia simu Nakaale.

Aliweza kufika mwezi wa nne tu, wakati wa mvua, kwa gari la mwisho lililovuka kabla laga, ile mito ya msimu, hazijajaa. Nyuma yake maji yalikata barabara. Gari letu la wagonjwa lilikuwa upande wa Lodwar, na huko likabaki.

Juma hilo hilo mtu mmoja aitwaye Ekal alimleta mkewe, Atabo, akiwa amemkalisha juu ya punda. Atabo alikuwa mwanamke mdogo wa miaka, lakini alipumua kama bibi kizee. Alikuwa amekunywa dawa za kifua kikuu mahali pengine mpaka akazimaliza, bila kupata nafuu. Aliyempokea ni Opondo, mkuu wa kituo chetu, afisa wa tiba mwenye miaka mingi ya kazi, mtu wa kutoka Siaya mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Alimgongagonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza. Upande wa kulia, chini, ulitoa sauti nzito ya kitu kilichojaa.

"Nadhani ni maji kwenye kifua," aliniambia. "Yanataka kutolewa kwa sindano. Lakini kama naweza kuona kwanza, nione. Hiyo mashine yenu inaendeleaje?"

Nakaale alikuwa ameshaanza. Alifungua miisho ya zile nyaya nene zinazopeleka umeme mkubwa kichwani mwa mashine, akanionyesha. Grisi yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na vumbi letu, ambalo hupenya hata ndani ya saa ya mkono, lilikuwa limejipanga humo kama unga.

"Umeme ukipata njia ya vumbi, unapita," alisema. Akasafisha kwa spiriti, akakausha, akapaka grisi mpya, akafunga. Alifanya hivyo akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyokuwa ya wimbo ule.

Tulijaribu. Kwenye nguvu ndogo mashine ikatulia. Tukapanda. Tulipokaribia nguvu ya kifua, pa! Giza.

Nakaale akafuta mikono kwa kitambaa. 

Alitoka nje, akapanda juu ya tangi la maji mahali ambapo simu hushika, akampigia Ngugi, mwalimu wake wa zamani wa chuoni. Nilisimama chini nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini sauti ilikuwa kubwa ya kutosha kwa wote. Alieleza kila kitu, akabishana, akakubali, akauliza tena. Aliposhuka alinieleza kwa kutumia kijiti na mchanga.

Ndani ya kichwa cha mashine ya eksirei kuna chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote. Sisi huiita tyubu. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto mpaka uwake, na moto huo huzifanya elektroni zichomoke. Umeme mkubwa huzivuta mbio mpaka zigonge chuma cha upande wa pili, na hapo ndipo miale ya picha huzaliwa. Elektroni zinatakiwa zitoke kwenye waya huo tu, na kwa wakati tunaotaka sisi.

"Sasa angalia," Nakaale alisema, akichora. "Hiki chuma kinachozunguka waya ni baridi. Hakitakiwi kutoa kitu. Lakini ukikitazama kwa karibu sana, karibu kuliko jicho linavyoweza, kina ncha ndogo ndogo. Umeme unapenda ncha. Unajazana hapo mpaka elektroni zinatoka zenyewe, bila moto, bila ruhusa. Halafu hii tyubu imelala mwaka mzima. Hewa kidogo iliyokuwa imejificha ndani ya chuma na kioo imetoka, inaelea humo. Elektroni za wizi zikikutana na hewa hiyo, cheche inaruka, kila kitu kinazimika."

"Kwa hiyo tuifungue tusafishe?"

"Ukiifungua umeiua. Hewa itaingia. Imezibwa tangu kiwandani."

"Basi imekufa?"

"Ngugi anasema kuna mambo mawili. Kama kioo kimepata ufa, imekufa na tuizike. Lakini kama ina ufa, hata kwenye umeme mdogo haingetulia. Hii inatulia. Kwa hiyo iko hai, imekosa mazoea tu. Tutaisafisha kwa umeme wenyewe. Tunaanza chini kabisa, tunapanda kidogo, tunapumzika. Kila hatua zile ncha zinaungua na kuwa butu, na chuma kinaimeza ile hewa tena. Ukienda polepole, inapona. Ukienda haraka, cheche kubwa inachimba shimo kwenye chuma, na shimo lina kingo, na kingo ni ncha mpya. Hapo umemaliza kazi."

Asubuhi iliyofuata alianza. Aliziba mdomo wa mashine kwa bamba la madini ya risasi ili miale isitoke, akafunga mlango, akaniita nyuma ya ukuta wa kinga. Aliagiza jenereta isilishe kitu kingine isipokuwa sisi na mashine ya oksijeni ya wodini. Mpishi alilalamika, mfanyakazi wa maabara alilalamika, na Nakaale aliwajibu wote kupitia dirishani bila kuondoa macho kwenye mshale wa kipimo.

Alibonyeza, akaachia. Tukangoja. Akabonyeza tena. Akapandisha kidogo. Tukangoja. Sijawahi kuona mtu mwenye kelele namna ile akiwa na subira namna ile. Mshale ulipotulia alipanda, ulipotetemeka kidogo alirudi hatua moja nyuma na kukaa hapo mpaka utulie. Aliongea na mashine kwa Kiturkana, sauti ya chini, kama mtu anayemkamua ngamia mwenye woga.

Hadi jua lilipokuwa utosini tulikuwa tumepita mahali pale ilipokuwa ikizimika. Nikaanza kufurahi. Bado hatua chache tu tufike nguvu ya kifua. Kisha nikasikia tik, ndogo, kama chembe ya mchanga ikigonga kioo, na mshale ukaruka.

Nakaale aliondoa mkono.

"Ni kidogo tu," nilisema. "Haijazima. Ongeza kidogo, tumefika."

"Hapana."

"Nakaale, tumefika!"

"Tumefika mahali inaponiambia hapana." Akashusha nguvu chini kabisa, karibu na tulipoanzia. Nilitamani kulia.

Wakati huo Opondo akaingia. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni. "Atabo anachoka," alisema. "Mashine iko tayari?"

"Bado, daktari," Nakaale alijibu.

"Inaweza kupiga hata picha mbaya?"

"Inaweza kuzima katikati. Atapata miale na hutapata picha. Na tyubu inaweza kufa hapo hapo, tukose leo na kesho. Nipe mpaka kesho asubuhi. Ikipumzika itakubali."

"Kesho." Opondo alivua miwani. Hakupandisha sauti. "Nina sindano, nina mkono. Maji yakitoka, atapumua leo. Wewe unaniambia ningoje chuma kipumzike. Na asipofika hiyo kesho?"

 Nakaale alitazama mikono yake iliyojaa grisi. Hakuna aliyemkosoa Opondo moyoni. Alichokisema kilikuwa cha kweli.

Mwishowe Nakaale alisema, "Naomba nimwone."

Tukaenda wodini watatu. Atabo alikuwa ameketi wima, mrija wa oksijeni puani, Ekal akimshikilia mgongo. Nakaale akachuchumaa mbele yake, wakasalimiana kwa Kiturkana, salamu ndefu isiyokuwa na haraka, mifugo, watoto, mvua. Atabo alijibu maneno mawili mawili. Kisha Nakaale akasema jambo, Ekal akacheka kwa mshangao, na Atabo akatabasamu na kuomba chai.

"Umemwambia nini?" Opondo aliuliza.

"Nimewaambia mashine ni kama ngamia wa kuazima, inataka kwanza ijue sisi ni akina nani. Nimewaambia pia ukweli, kwamba sijui kama itakubali. Nimewauliza wao wanataka nini. Atabo anasema amengoja tangu kiangazi. Anaweza kungoja asubuhi, kama utakuwa karibu."

Opondo alimtazama Atabo akinywa ile chai. Alimshika mkono, akahesabu mapigo, akasikiliza tena kifua. "Asubuhi," alisema. "Lakini akibadilika, nachoma sindano bila kumwuliza mtu." Alibeba kiti chake cha ofisini akakiweka kando ya kitanda.

Hakubadilika. Alfajiri tulimkuta amesinzia, na Opondo kwenye kiti chake, shingo imepinda.

Nakaale alianza tena kutoka chini. Hakuimba, na sikumharakisha. Mshale ulipanda na kutulia, ukapanda na kutulia. Tulifika pale penye ile tik ya jana. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akapandisha hatua moja, nyingine, nyingine, akapita nguvu ya kifua, akaenda juu yake kidogo ili tuwe na nafasi, na mshale ukasimama wima kama mlinzi.

Ndipo akageuka, akanishika mabega yote mawili na kunitikisa. "Imekubali! Mugure, imekubali! Leta mtu wako!"

Tulimleta Atabo kwenye kiti cha magurudumu. Nilimsimamisha mbele ya kaseti ya filamu, Nakaale akimwambia kwa Kiturkana avute pumzi na kuizuia. Akavuta kadiri alivyoweza. Nikabonyeza. Mashine ikalia mlio wake mfupi, na taa hazikuzimika.

Nilisafisha filamu kwenye chumba cha giza na kuitoa ikiwa bado inadondosha maji. Opondo aliiinua mbele ya taa. 

Maji ya kifua hutuama chini na kupanda kandokando ya mbavu. Hapo hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Pafuni, upande wa kulia, palikuwa na duara jeupe, kubwa kama chungwa kubwa, kingo zake laini kama zimechorwa kwa bikari.

"Ni nini hiyo?" Nakaale aliuliza. Alijua mashine, picha hakuzijua.

Nilimweleza. Ni mfuko wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa. Mayai yake humwingia mtu kwa mikono au maji, na mfuko hukua mwilini polepole, miaka kwa miaka. Turkana tunauona mara nyingi, zaidi tumboni. Mfuko huo hautobolewi ovyo. Ukipasuka ndani ya kifua, maji yake yanaweza kumuua mtu kabla hujaweka sindano chini.

Opondo aliweka filamu mezani taratibu. "Ningetoboa," alisema. Kisha akamgeukia Nakaale, akampa mkono. Mkono wake safi wa daktari ulipotoka ulikuwa na grisi.

Maji ya laga yalipungua, gari likavuka, na Atabo akapelekwa Lodwar, ambako madaktari wa upasuaji waliutoa ule mfuko ukiwa mzima. Baadaye mwaka huo alikuja kutuonyesha kovu lake. Alikuja kwa miguu, akiongea njia nzima. Ekal alileta mbuzi jike mwenye mimba kwa ajili ya fundi. Watu wengine wangesema aah, haifai. Nakaale alimkagua mbuzi meno na kiwele, akamsifu, akashukuru kwa sauti ya kusikika sokoni, na akamsafirisha juu ya lori hadi kwa mama yake Lowarengak.

Lakini jambo ninalomheshimia zaidi halikuwa lile la siku ile. Cheche zilipokwisha, yeye hakuona kazi imekwisha. Alikaa nasi akatufundisha kuilinda ile tyubu. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tuipashe kwa hatua ndogo. Ikikaa juma zima bila kazi, turudi chini kabisa na kupanda upya. Nilikuwa na tabia ya kushikilia kitufe cha kwanza, kile cha kuuwasha waya, huku nikimpanga mgonjwa. Alinipiga kofi mkononi.

"Ukishikilia hivyo waya unaungua bure," alisema. "Chuma chake kinageuka mvuke, kinajipaka ndani ya kioo na kwenye kile chuma baridi. Kesho elektroni zitatoka hapo tena. Panga mtu kwanza, ndiyo uwashe. Mgonjwa hakimbii."

Alikwenda na mafunzo hayo kila kituo chenye mashine kama yetu. Baadhi walimwona msumbufu. Fundi mmoja wa Lodwar, nilisikia, alimwambia kwamba mashine ikiharibika kuna watu Nairobi wanalipwa kuitengeneza. Nakaale alimjibu mpaka mtu huyo akaondoka mezani na kuacha chai yake, na Nakaale akainywa.

Mwisho wa mwaka 2013 vita vilipozuka Sudan Kusini, watu walianza kumiminika tena Kakuma, kina mama na watoto waliotembea hadi nyayo zikapasuka. Foleni ya kupigwa picha za kifua ilizunguka jengo letu. Nilikuwa nikiipasha mashine alfajiri, na kuanzia hapo ilikuwa ni kazi mpaka jioni, siku baada ya siku, na haikuzima hata mara moja. Opondo alikuwa akipita dirishani, ananiinulia kidole gumba, anaendelea.

Siku ya pili ya mwaka mpya nilimpigia Nakaale nimweleze. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya shukrani. Alipokea kukiwa na upepo mkali kwenye simu, akaniambia yuko Namoruputh, juu ya paa la zahanati, anafunga paneli ya sola ya friji, bati linamchoma magoti, na kama nina habari ya maana niiseme haraka kabla spana haijamwangukia muuguzi.